Siagi ya karanga ya kusagiwa Mbuyuni, Moshi: mafuta juu yasikutishe

Nimeona watu wengi wakiuliza kama siagi ya karanga ya kusagiwa sokoni inafaa kuliko ya kopo la supamaketi. Mimi nilishahamia ya sokoni, na sina mpango wa kurudi.

Nasagiwa kwa mama mmoja Soko la Mbuyuni. Unaweza kwenda na karanga zako au kuchukua zake, ambazo anasema zinatoka Dodoma. (Dodoma hiyohiyo ambako mwaka 1947 Waingereza waliingia Kongwa na matrekta wakitaka karanga za kuwapa mafuta ya kula kwao. Kiangazi udongo ukawakazia kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukafa. Wakulima wa jembe la mkono bado wanavuna.)

Kinachonifanya nisiende kwingine ni uchambuaji. Kabla ya kukaanga anamwaga karanga kwenye ungo, anatoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Siku moja mteja mwenye haraka zake akamwambia, "Mama, hizo si ungesaga tu humohumo?" Akajibiwa bila hata kuangaliwa: "Sumukuvu haifi kwa moto, mwanangu." Na ndivyo ilivyo. Sumu hiyo hutoka kwa fangasi wanaoota kwenye karanga zilizokaushwa vibaya au kuhifadhiwa na unyevu, na kukaanga hakuimalizi. Msagaji wako asipochambua, hama.

Baada ya hapo anakaanga kwa moto mdogo, anakoroga bila kuacha, mpaka ganda linapukutika ukilifikicha kwa vidole. Anapepeta, zinaingia mashineni. Raundi ya kwanza inatoka na chenga, ya pili inateleza, unachagua mwenyewe. Chumvi kidogo, sukari hakuna mpaka uombe. Unaondoka na chupa ingali ya moto, na daladala nzima itajua umebeba nini.

Lalamiko langu ni makopo yake ya plastiki. Vifuniko havikazi, na mafuta yamewahi kunilowesha mkoba mzima. Nenda na chupa yako ya kioo, iliyokauka kabisa. Jumamosi pia foleni ni ndefu.

Sasa hayo mafuta. Ikikaa siku chache yanapanda juu, na kuna watu huirudisha wakidai wamechakachuliwa. Karanga karibu nusu yake ni mafuta. Ukisaga karanga tupu lazima yajitenge. Koroga, au geuza chupa kichwa chini usiku mmoja. Siagi ya dukani haifanyi hivyo kwa sababu mwaka 1922 Mmarekani Joseph Rosefield alibuni njia ya kutumia mafuta yaliyogandishwa kwa haidrojeni ili yasijitenge. Baadaye ndiye aliyeanzisha Skippy, chapa ya siagi ya karanga. Kabla yake watu walikula yenye mafuta juu na hawakulalamika: Marcellus Edson wa Montreal alipata hataza ya kusaga karanga zilizokaangwa mwaka 1884, na miaka ya 1890 daktari John Harvey Kellogg wa Michigan akatengeneza ya kwake kwa karanga zilizochemshwa. Za kuchemsha! Sijui wagonjwa wake walivumiliaje. Yule mwanasayansi Mmarekani George Washington Carver, tunayetajiwa kila mara kuwa ndiye aliyeibuni, alifanya makubwa kwenye karanga, lakini siagi hii aliikuta.

Nyumbani inaliwa na mkate, viazi vitamu, na kijiko kimoja kwenye uji wa watoto. Mchicha ukikaribia kuiva, iyeyushe kwanza kwa maji ya moto ndipo uimimine, la sivyo itaganda mabongemabonge. Mume wangu, Mchagga wa Kibosho, alijaribu kuitia kwenye mtori. Tulikula kwa heshima tu.