Vidonge vya terbinafini, dawa ya fangasi: wiki 12 kwa ajili ya ukucha mmoja

Ukucha wa dole gumba langu la mguu ulikuwa mnene, wa njano, ukiukata unamomonyoka kama chaki. Krimu nimepaka miaka miwili, wapi! Mtu wa kwanza aliniandikia vidonge hivi bila kupima chochote, wala hakuniuliza natumia dawa gani nyingine. Sikuvimeza. Nikaenda kwa daktari mwingine.

Huyu alikwangua ukucha kwanza, unga wake ukaenda maabara, maana si kila ukucha mbovu una fangasi. Nikatolewa damu kupima ini. Kisha akataka kuona dawa zangu zote, nikamtolea metoprololi ninayomeza kwa ajili ya presha. Akaweka kalamu chini. Terbinafini huzuia ini lisiivunje metoprololi kwa kasi yake, dawa ikajikusanya mwilini na mapigo ya moyo yakashuka. Akapunguza dozi ya metoprololi, akanifundisha kuhesabu mapigo: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima, kila asubuhi. Nilikuwa nayaandika kwenye daftari. Naogopa nikifikiria kwamba yule wa kwanza hakuuliza.

Dozi yenyewe ni rahisi: kidonge kimoja cha miligramu 250 kwa siku, wiki 12 kwa kucha za miguu, 6 kwa za mikono. Mwanzoni tumbo lilijaa gesi kidogo, likatulia. Wiki ya 5 nikakosa hamu ya kula, mwili ukalegea. Nilishaonywa: ukiona hivyo, au mkojo mweusi, macho ya manjano, choo cheupe, upele, ulimi kupoteza ladha, acha kidonge siku hiyohiyo ukapimwe, usingoje miadi. Nikaacha, nikapimwa, ini likakutwa zima, daktari akaniruhusu kuendelea.

Vidonge hivi navipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya karatasi ya maelezo: onyo kuhusu ini limeandikwa kwa herufi ndogo mno, na ndilo la kusoma kwanza.

Tena, vidonge vikiisha ukucha bado utakuwa mbovu. Usiongeze pakiti nyingine kwa hasira. Dawa imebaki ndani ya ukucha, na ukucha wa dole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota wote. Wangu una miezi 7 sasa. Sehemu safi, ya waridi, imevuka katikati.