Spika ndogo za bei nafuu, na yule kaka aliyetaka nimlete shemeji

Niseme mapema: spika zenyewe ni nzuri. Kwa bei ile ni nzuri kupita kiasi, na hilo ndilo linaloniudhi, maana zingekuwa mbovu ningemsema aliyeniuzia kwa raha zangu bila mtu kuniuliza, "Sasa si ulinunua?"

Nilinunua, ndiyo. Sikuwa na pengine pa kuzipata.

Kazi yangu ni kurekodi kwaya, kaswida na matangazo ya yale magari yanayozunguka mitaani. Niko hapa Kigoma mjini, Katubuka, chumba kidogo, bati juu, mvua ikianza kazi inasimama. Miaka yote nilikuwa nasikilizia kazi zangu kwenye sabufa, kama kila mtu. Sabufa kwenye harusi haina mpinzani. Kwenye kusawazisha sauti ni shahidi wa uongo. Wazee wa sauti ya nne, ile nzito ya chini, wanajaa chumba kizima, basi unawapunguza. Flashi ikifika kanisani na kuchomekwa kwenye muziki mwingine, wazee hawapo. Nilishawahi kufuatwa na mzee mmoja mpaka mlangoni, kofia ameishika mkononi, ananiuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi siku ile nilikuja au sikuja?"

Ndiyo maana nikawa natafuta spika mbili ndogo za mezani, wufa moja ya sauti nzito na twita moja ya sauti nyembamba kila upande, zisizompendelea mtu. Besi iliyomo itoke, isiyomo isitoke.

Watu wanadhani spika za namna hiyo ni za matajiri. Si kweli. Andrew Jones, Mwingereza aliyebuni spika za mamilioni za kampuni ya TAD, ndiye huyohuyo aliyebuni zile ndogo za Pioneer SP-BS22 zilizokuwa zikiuzwa Marekani chini ya dola 150 kwa jozi. Naye Floyd Toole, aliyeanza utafiti wake kwenye baraza la utafiti la taifa la Kanada kabla ya kuhamia kampuni ya spika ya Harman, alionyesha kwamba wasikilizaji wakifichwa spika wasizione, wengi huangukia ileile: yenye grafu iliyonyooka, isiyo na milima na mabonde, yaani sauti nzito, za kati na nyembamba zinatoka kwa usawa, ukikaa mbele yake au ukikaa pembeni. Bei haimo kwenye grafu. Wati hazimo pia. Maboksi yetu yanaandikwa wati 3,000, wati 5,000, kwa herufi kubwa kuliko jina la kiwanda, na wakati huo ukizidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Haya nilikuwa nayajua kabla sijatoka nyumbani. Ndiyo maana niliumia.

Dukani sasa. Mwanga, nyuma kidogo ya barabara kubwa, duka sitalitaja. Ilikuwa kuelekea Pasaka, kwaya zimenibana, kila mtu anataka kazi yake jana. Nimeingia, nimesalimia. Vijana wawili wamekaa juu ya kreti za soda, muuzaji yuko nyuma ya kaunta, kijana wa makamo, pete ya fedha kidole gumba.

"Karibu dada. Nikuwekee sabufa?"

Nikamwambia sitaki sabufa, nataka zile ndogo mbili. Alikuwa na jozi mbili: nyeusi, Sh180,000, na nyingine za rangi ya mbao, zinang'aa, Sh450,000. Nikaomba kuzisikia zote.

"Hizi ni za shemeji?"

"Za kwangu."

Akacheka, akawatazama wale vijana wa kreti, nao wakacheka. Halafu, kwa sauti ile ya mtu anayekusaidia: "Dada yangu, mwambie shemeji aje mwenyewe. Mambo ya spika wanaume tunaelewana haraka."

Mimi sina mume. Lakini hata ningekuwa naye, mume angekuja kufanya nini? Nikameza, nikamwambia washa.

Akawasha. Nyeusi kwanza, wimbo mmoja wa singeli, hata beti haijaisha akakata. Akahamishia waya kwenye zile za mbao. Na hapo, wakati wa kuhamisha, akageuka mzima mzima, mgongo wake ukaziba amplifaya. Ila alisahau kioo cha kabati lililokuwa upande wake. Kwenye kioo nikaona kile kidole chenye pete kinazungusha volyumu, na zile taa ndogo za kwenye amplifaya, zilizokuwa zinaishia kwenye kijani, zikapanda mpaka nyekundu ya kwanza. Akageuka, uso umejaa tabasamu.

"Umesikia tofauti?"

"Nimesikia umeongeza volyumu."

Vijana wa kreti wakanyamaza. Mmoja akaanza kuangalia simu yake kwa bidii sana.

Kwa asiyejua, huu ndio mchezo wa zamani kuliko yote kwenye biashara ya spika. Sikio letu likiletewa sauti mbili zinazopishana desibeli moja tu, mara nyingi halisemi "hii ina kelele zaidi." Linasema "hii ni nzuri zaidi," ina besi zaidi, iko wazi zaidi. Anayelinganisha spika bila kusawazisha volyumu halinganishi chochote, anasikiliza mkono wa muuzaji. Na tofauti ile ya kijani na nyekundu haikuwa ya desibeli moja.

Nikafungua mkoba, nikatoa maiki yangu ya kupimia. Ni UMIK-1, kitu chembamba kama kalamu nene, inachomekwa kwenye laptopu, na kila moja ina faili lake la masahihisho kulingana na namba yake. Niliinunua mkononi kwa jamaa wa Dar. Nikamweleza vizuri tu: tunapiga mchakacho wa kawaida, ule kama redio isiyoshika stesheni, dakika moja kwa kila jozi, tunaweka volyumu sawa, halafu tunasikiliza nyimbo. Basi.

"Unaturekodi?"

"Sirekodi mtu."

"Huo mchakacho utaniunguzia spika. Na spika inapimwa kwa masikio, dada, haipimwi kwa kompyuta. Hapa si TBS."

Mchakacho kwa sauti ya maongezi hauunguzi spika yoyote yenye akili timamu. Singeli yake ya taa nyekundu ndiyo ingeziunguza. Lakini mteja mwingine alikuwa ameingia, mwanaume, na yule kaka akaniacha hapo na maiki mkononi, akamkimbilia: "Karibu mkubwa, karibu." Mkubwa alikuwa anatafuta chaja.

Nikalipa Sh180,000. Risiti ya EFD niliidai, haikuja yenyewe. Nikiwa mlangoni na boksi langu akanipigia kelele, "Zikisumbua shemeji anipigie!" Nilifika nyumbani Katubuka bado natetemeka mikono, na si kwa uzito wa boksi.

Sasa vipimo, maana ndivyo vilivyonipeleka.

Nilipima uani usiku, kwa sababu mchana kuna upepo wa ziwa na bodaboda. Spika juu ya stuli, stuli juu ya meza, maiki mita moja mbele usawa wa twita, na programu ya REW, ambayo ni ya bure, inapiga mlio unaoanza chini kabisa Hz 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, na kupanda mpaka Hz 20,000. Nje, kwa sababu chumba kinadanganya: sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, chumba changu kina urefu wa mita 3.5 hivi, kwa hiyo mawimbi ya karibu na Hz 49 yanakwama kati ya kuta mbili na kuvimba, na grafu inaonyesha besi ambayo spika haina. Jirani yangu, bibi mmoja tunayeheshimiana sana, alitoka na tochi baada ya mlio wa tatu au wa nne kuuliza kama kuna kitu kinapandishwa. Nikamwambia napima spika. Akasema, "Haya mjukuu wangu, ila kisijue kwangu."

Grafu ya zile nyeusi ilinifanya nikae chini. Kuanzia karibu Hz 80 mpaka juu ya 6,000 ni tambarare ambayo sikuitegemea kwa bei hiyo. Chini ya hapo besi inaporomoka, na ni haki yake, boksi dogo haliwezi kuishinda fizikia. Kisha nikapima ya kushoto na ya kulia, moja baada ya nyingine, nikazilaza juu ya grafu moja: mistari ikakaa pamoja karibu njia nzima. Hapo ndipo spika nyingi za bei nafuu zinapoanguka. Ya kushoto ina kikohozi chake, ya kulia ina chake, na mwimbaji uliyemweka katikati anatangatanga. Hizi hapana. Mwimbaji amesimama katikati.

Kasoro ipo. Karibu na Hz 8,000 kuna kilima, na Kiswahili kina "s" nyingi: "sifa," "msalaba," "asante" zinachoma kidogo. Nimezigeuza spika pembeni kidogo zisinitazame usoni, kilima kikapungua. Vibano vya waya nyuma ni dhaifu, ukivuta kwa nguvu vinabaki mkononi. Mengine yapo kwenye boksi, soma mwenyewe.

Kilichonimaliza ni mwalimu wa kwaya yetu. Kumbe yeye anazo zile za rangi ya mbao, kanunua dukani palepale, na alionyeshwa kwa mtindo uleule. Akazileta. Nikazipima: mlima karibu na Hz 100, ambao ndio unaomfanya mtu aseme "eeh, hii ina besi," na bonde kati ya 2,000 na 3,000, mahali ambapo maneno ya mwimbaji yanapata makali yake. Yaani muziki unavuma na maneno hayasikiki. Laki nne na nusu.

Tukatundika khanga mbele ya jozi zote mbili. Kitambaa chepesi hakizuii kitu cha maana, na hata Harman huficha spika nyuma ya pazia. Volyumu nikaisawazisha kwa maiki, wanakwaya wakaingia mmoja mmoja, nyimbo zilezile, kila mtu aseme A au B bila kuambiwa A ni ipi. Wengi wakachukua nyeusi. Mwalimu mwenyewe akachukua nyeusi, bila kusita, akasema "hii maneno yanasikika." Nikaitoa khanga. Akaziangalia. Akaziangalia zake. Akasema tupige tena. Tukapiga tena, macho wazi, na sasa, anaapa, zake ndizo zenye uzito zaidi, sijui sauti "imekomaa."

Floyd Toole na mtafiti mwenzake Sean Olive waliyaandika haya mwaka 1994: watu wakiziona spika, hukumu zao zinahama kufuata macho. Mwalimu wangu hajawahi kuwasikia hao. Simlaumu sana, mtu akishatoa laki nne na nusu masikio yake yanamtetea. Ninayemlaumu ni wa pete.

Basi, alama. Nilikuwa nimezipa nne kati ya tano. Nikakumbuka "shemeji anipigie," nikataka kuandika mbili, halafu nikajiuliza spika zimekosa nini, hazikusema neno. Wiki iliyopita nimemaliza kazi ya kwaya moja ya Gungu, sauti ya nne ikafika kanisani nzima, na yule mzee wa kofia akanipa mkono bila kuuliza swali. Kwa hiyo nne. Tatu na nusu, kwa ajili ya vibano. Nne.

Duka sifuri. Wengine wataniambia niagize Dar, mzigo uje kwa treni, kilomita zaidi ya 1,200, na nisizisikie mpaka zifike. Mwanzoni ningeona ni wazimu kununua spika bila kuzisikia. Sasa naona kuzisikia pale dukani ndiko kulikokuwa hatari, na spika ambayo mtu makini ameshaipima na kuweka grafu yake wazi ningeinunua nikiwa nimefumba macho kuliko kumpa yule kaka shilingi nyingine.

Ila kama unazitaka hizihizi nyeusi, jozi zilikuwa zimebaki mbili kwenye rafu ya juu kushoto, na hazipo pengine mjini, nimezunguka. Nenda, lipa, dai risiti, usikubali akuwashie chochote. Zilete Katubuka tuzipime uani, bure, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Za rangi ya mbao pia nitazipima, lakini hizo nitatoza.