Suti ya kuzamia kwenye maji baridi: anayeanza achague ipi?

Ndugu watazamaji, hamjambo, na karibuni tena hapa Shangani, Mtwara. Mezani nimeweka suti tatu za kuzamia. Hii ya kwanza ina unene wa milimita 5. Hii ya pili ni ya milimita 7, ya aina ya nusu-kavu, yenye pindo za mpira laini shingoni, mikononi na miguuni za kuzuia maji. Na ile kubwa ya mwisho ni suti kavu, ambayo mtu huivaa juu ya nguo za joto na kutoka majini akiwa hajalowa. Nimeombwa na vijana waliomaliza mafunzo ya awali ya uzamiaji, ambao sasa wanatazamia bahari za baridi, niwaeleze wanunue ipi. Kwa asiye na muda wa kunisikiliza hadi mwisho, rai yangu ni kwamba mnunue suti ya milimita 5 inayowakaa sawasawa mwilini, pamoja na kofia yake, na hizo mbili nyingine mzikodi huko huko kwenye baridi.

Tuanze na maji yenyewe. Huku kwetu, wakati wa kaskazi, maji ya Msimbati na Ghuba ya Mnazi hufika nyuzi 28 au 29 za Selsiasi, na kusi linapovuma, hasa Julai na Agosti, hushuka hadi karibu nyuzi 25. Mtu wa pwani akitajiwa nyuzi 25 hucheka, kwa kuwa hewa ya kiwango hicho ni ya kukaa barazani kwa starehe. Maji, hata hivyo, huondoa joto la mwili zaidi ya mara 20 kwa kasi kuliko hewa, na mwili unaopigania kubaki kwenye nyuzi 37 huchoka. Ndiyo maana mzamiaji mwenye suti ya milimita 3 hushuka mara ya kwanza akiwa mkunjufu, akapanda chomboni, akakaa na suti mbichi kwenye upepo wa kusi akisubiri nyangumi wajitokeze, kisha akashuka mara ya pili akiwa tayari anatetemeka. Kwa kusi la Mtwara na Lindi milimita 5 zinatosha kabisa, ukiongeza koti la upepo la kuvaa baina ya mizamo.

Mwenye safari ya Cape Town anakwenda kwenye baridi ya namna nyingine. Upande wa Atlantiki wa rasi ile, maji mara nyingi huwa kati ya nyuzi 10 na 14, na jambo linalowapotosha wageni ni kudhani kwamba kiangazi cha kule, Desemba hadi Februari, huyapasha. Upepo wa kusini-mashariki unaovuma miezi hiyo husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake, ilhali False Bay, upande wa pili, huwa na joto zaidi msimu huo huo. Kwa hiyo usikate shauri la suti kabla ya kumuuliza mwenyeji wako ni upande upi atakaokushusha.

Sasa naomba mtazame kipande hiki cha neoprini nilichokikata kutoka kwenye suti chakavu. Ukikisogeza karibu na jicho utaona viputo vidogo vidogo vilivyojaa ndani ya mpira. Viputo hivyo vya gesi ndivyo vinavyozuia joto lisitoke. Wengi wamefundishwa kwamba maji yanayoingia ndani ya suti ndiyo blanketi lao, nami nasema maji hayo yana sifa moja tu, nayo ni kutulia. Yakitulia, mwili huyapasha mara moja na kazi imekwisha. Yakiwa yanaingia na kutoka kila unapoinua mkono, mwili unapasha bahari nzima. Tena viputo hubanwa kadiri unavyoshuka. Kwenye mita 10 shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu, na kwenye mita 20 huwa mara tatu, hivyo gesi iliyo ndani ya mpira hubaki theluthi moja ya ujazo wake. Suti ya milimita 7 uliyoisifu ukiwa juu si ya milimita 7 tena ukiwa kwenye mita 20, na ubaridi huanza pale ambapo huwezi kuukimbia kwa haraka.

Kutokana na hayo, vipimo vya mwili vinatangulia unene, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Suti inayofaa hubana kila mahali bila kukata pumzi. Ukiivaa, chuchumaa, inua mikono yote miwili juu, kisha mwambie mwenzako apitishe kiganja chake mgongoni mwako, pale chini juu kidogo ya kiuno. Hapo ndipo penye hila. Suti nyingi huacha uwazi mahali hapo, na uwazi huo ukishajaa maji hufanya kazi ya pampu, kwa maana kila unapojikunja yanasukumwa juu hadi shingoni na mapya yanaingia. Kagua vilevile makwapa na nyuma ya magoti. Shingoni kidole kimoja kipite kwa shida kidogo. Kisipopita kabisa utaumwa kichwa, na wapo waliopata kizunguzungu kwa kubanwa hapo. Vuta pumzi ndefu kifua kijae. Ukishindwa, irudishe, hata muuzaji akuapie kwamba italegea ikizoea. Kinadada wapime suti zilizokatwa kwa umbo la kike, kwa kuwa suti ya kiume iliyowatosha nyonga huwapwaya kiunoni.

Fanyeni kazi hiyo alfajiri. Kujaribu milimita 7 saa saba mchana kwa jua letu ni kujitafutia kuzimia. Wazamiaji wa kwingineko huvaa mfuko wa plastiki mguuni ili suti iteleze, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku kwetu tangu Juni 2019, na soksi nyepesi ya nailoni inafanya kazi ile ile.

Kuhusu mishono, geuza suti ndani nje na uielekeze kwenye taa. Ukiona vitundu vya mwanga vimepangana kando ya uzi, sindano imetoboa hadi upande wa pili, na suti hiyo ni ya maji ya joto hata kama ni nene. Inayotakiwa kwa baridi ni ile iliyogundishwa kwanza, kisha ikashonwa kwa sindano isiyopenya. Suti za mitumba zinazofika sokoni mara nyingine ni za wacheza mawimbi, zenye mpira laini mno unaopendeza kuvaa, lakini hubonyea upesi kwenye kina. Bonyeza mpira kwa kidole gumba: ukirudi polepole, au ukibaki na shimo, viputo vimekwisha kufa, na bei ndogo haitavifufua.

Suti hii ya nusu-kavu naisifu kwa maji ya nyuzi 13 hadi 18. Zipu yake inapita begani kwa begani na nyuma yake kuna ulimi mpana wa mpira, hivyo maji yanayoingia ni kidogo. Lawama yangu ni kwamba huwezi kuifunga mwenyewe. Bila kofia ni fedha iliyotupwa. Sisemi hivyo kwa kuamini ule uvumi kwamba nusu ya joto hutokea kichwani, maana si kweli. Ila kichwa na shingo vikiachwa wazi hupoteza joto muda wote, na maji ya nyuzi 12 yakigusa paji la uso huleta maumivu makali. Glovu za milimita 5 nazo ni za lazima, kwa sababu vidole vikifa ganzi hutaweza kufungua hata kishikizo cha mkanda. Ukishindwa kugusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, mzamo umekwisha, mpe mwenzako ishara mpande.

Unene pia hukuelesha, hivyo risasi zile unazofunga kiunoni ukiwa na suti ya milimita 3 hazitakushusha. Usikisie kilo. Pima ukiwa juu ya maji, jaketi la hewa likiwa tupu na pumzi ya kawaida ikiwa kifuani: maji yafike usawa wa macho. Mtungi ukiwa umejaa, ongeza takriban kilo 2 hadi 3, kwa kuwa hewa utakayoivuta ina uzito na mwisho wa mzamo mtungi utakuwa mwepesi.

Suti kavu sitaisemea sana, kwa sababu anayeanza haipaswi kumfikia bila mafunzo yake maalumu. Chini ya nyuzi 10 haina mpinzani. Kwenye ufa wa Silfra kule Aisilandi, penye maji ya nyuzi 2 hadi 4 mwaka mzima, ndiyo vazi la kawaida. Lakini hewa iliyo ndani yake hutanuka unapopanda, na ikikimbilia miguuni inaweza kukugeuza kichwa chini na kukupeleka juu kwa kasi usiyoitaka. Pindo zake za mpira hupasuka, zipu yake ni ghali, na huku kwetu sijaona fundi wa kuitengeneza. Ikodi.

Kwa utunzaji, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ianike ndani nje kivulini kwenye kiango kipana cha mabegani, na usiitundike juani kama mkeka, kwani jua la hapa huukausha mpira ukapasuka.

Atakayeniuliza kuhusu saizi, naomba aandike urefu, uzito, mzingo wa kifua, kiuno na nyonga, pamoja na maji anayokwenda kuzamia na mwezi wa safari. Herufi M au L peke yake hainisaidii, kwani kila mtengenezaji ana vipimo vyake.