Kitty barazani: terminali inayosomeka juani

Kompyuta yangu ni ya mtumba, niliichukua Kariakoo, na mwanga wa kioo chake ni hafifu. Kazi yangu ni kuangalia seva za watu. Naifanyia barazani hapa Sinza kwa sababu ndani, ikishafika saa sita mchana, hakukaliki. Kwa hiyo terminali yoyote, yaani dirisha la kuandikia kompyuta amri, naipima kwa swali moja: saa tisa, jua likishaingia hadi mezani, nasoma au sisomi?

Huu ni mwezi wa tano natumia terminali iitwayo Kitty. Ni ya bure, inakwenda kwenye Linux na macOS (wa Windows mtanisamehe), na aliyeianzisha ni Kovid Goyal, yuleyule wa Calibre, ile programu ya kupanga vitabu vya kielektroniki. Kazi ya kuchora herufi inapewa kadi ya picha, basi logi, zile kumbukumbu za seva, zikimwagika mistari elfu haigandi. Hilo halinibabaishi sana, maana ziko nyingine zenye kasi, Alacritty mojawapo. Nimebaki na hii kwa jinsi inavyokubali kupambwa.

Ujue mapema kwamba hakuna ukurasa wa kubofyabofya. Mipangilio yote imo kwenye faili moja la maandishi, kitty.conf. Unabonyeza Ctrl+Shift+F2 linafunguka, unabadilisha unachotaka, unahifadhi, kisha Ctrl+Shift+F5 na mabadiliko yanaonekana palepale, kazi zako zikiwa wazi. Siku ya kwanza nilinuna. Faili lenyewe limejaa maelezo, unateremka mpaka kidole kinauma. Baadaye nikakuta mistari niliyoigusa haifiki kumi na tano, na nilipobadilisha diski niliibeba kwenye flashi tu.

Nilianza na ushamba wa kila mtu. Nilishusha background_opacity, kipimo cha uzito wa rangi ya nyuma, hadi 0.8 ili picha ya ngalawa niliyopiga Kigamboni ionekane nyuma ya maandishi. Ilipendeza kwelikweli, mpaka siku ujumbe wa hitilafu ulipotua juu ya tanga jeupe nikaupita mara tatu bila kuuona. Nikarudisha 1.0. Mtoto wa jirani, ambaye huja kuegemea kiti changu akitoka shule, akaniuliza, "Anko, mashua umeziuza?"

Kwenye rangi ndiko nilikokesha. Ukiandika kitten themes unaletewa mamia ya mandhari, yaani seti za rangi zilizopangwa tayari, unapanda na kushuka kwa vishale huku sampuli ikibadilika mbele yako. Mara ya kwanza inayavuta mtandaoni, usijaribu bando likiwa linapumulia mashine. Nikaenda kwa Solarized, ya Ethan Schoonover, iliyotoka 2011 na yenye wapenzi wengi. Chumbani naipenda. Utofauti kati ya herufi na rangi ya nyuma umepunguzwa makusudi ili macho yapumzike, na makusudi hayohayo ndiyo yaliyonimaliza barazani: ile ya mwanga ina herufi za kijivu juu ya rangi ya maziwa, jua likipiga unabaki na maziwa matupu.

Sasa nina mafaili yangu mawili ndani ya folda ya themes, moja nimeliita mchana na jingine usiku, na yanatokea kwenye orodha pamoja na hayo mengine. La mchana nimelitoa kwa mandhari nyingine, Gruvbox Light, ila herufi nimezikoleza hadi rangi yenye namba #1d2021, karibu weusi mtupu. La usiku ni Gruvbox Dark, na humo nimegusa color4 peke yake. Hiyo ndiyo buluu ya majina ya folda ukiandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, na kwenye terminali nyingi nilizopitia, buluu iliyoiva juu ya nyeusi ni kumtafuta paka mweusi gizani. Nimeweka #83a598, buluu iliyopauka. Halafu yupo atakayekwambia rangi nyeusi inaokoa chaji umeme ukikatika. Kwa kioo cha LCD kama changu taa ya nyuma inawaka vilevile. Punguza mwanga wa kioo ndiyo utaona tofauti.

Fonti nimeweka JetBrains Mono, ya bure tangu 2020, ukubwa 14 badala ya 11 unaokuja nayo. Sikuichagua kwa urembo. Kwa fonti niliyokuwa nayo zamani niliwahi kuandika nenosiri nikichukulia l ndogo kuwa I kubwa, seva ikanifungia mlango baada ya majaribio kadhaa nikabaki kumpigia mteja simu usiku. Hapa 0 ina alama katikati, na 1, l na I kila moja ina sura yake. Pia kile kialama kinachoonyesha unapoandika nimekizuia kisipepese: cursor_blink_interval 0.

Kero iliyobaki ni seva za zamani. Kitty hujitambulisha kwa jina xterm-kitty, na seva isiyolijua jina hilo inagoma kufungua hata nano, kihariri chepesi cha maandishi. Ingia kwa kitten ssh badala ya ssh kavu, inaibebea seva maelezo yenyewe. Nilihangaika jioni nzima kabla ya kulijua hilo, chai ikapoa.