BD (vitabu vya hadithi za kuchorwa) za mambo ya kweli: ukiwa na pesa ya moja tu

Hapa Lubumbashi hatukungoja mtu atufundishe kwamba historia huchorwa. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya nchi hii, Kongo, kwenye picha zipatazo mia moja, Lumumba ndani, migodi ndani, na maneno ameyaandika humo humo kwenye mchoro. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue BD gani ya mambo ya kweli, siangalii kwanza uzuri wa rangi. Nauliza: huyu mchoraji alijuaje?

Kwa swali hilo, ya kwanza kwangu ni Le Photographe ya Emmanuel Guibert, Didier Lefèvre na Frédéric Lemercier. Mwaka 1986 Lefèvre, mpiga picha, alifuatana na madaktari wa Médecins Sans Frontières wakavuka milima kutoka Pakistani kuingia Afghanistani, vita na Wasovieti vikiwa vimepamba moto. Picha alizopiga zimo kitabuni, ndogo ndogo, mfululizo kama zilivyotoka kwenye filamu. Palipokosekana picha, Guibert amechora. Unaona mwenyewe ushahidi unapoishia na kumbukumbu inapoanzia. Wakati wa kurudi, waliokuwa wakimwongoza njia walimwacha mlimani kwenye theluji, naye akapiga picha akidhani atafia pale, ili angalau watu wajue alikoishia. Nimeisoma mara tatu na sehemu hiyo bado hunikausha koo. Ilitoka kwa juzuu tatu, kati ya 2003 na 2006. Ukipata zilizounganishwa pamoja, chukua hiyo hata kama bei inauma. Mimi niliwahi kuuziwa juzuu ya pili peke yake. "Papa, hadithi inaanzia hapo hapo," muuzaji akaniapia. Haianzii hapo.

Ya pili ni Maus. Art Spiegelman anamhoji baba yake aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na mahojiano yenyewe yamo kitabuni: mzee analalamika, anagombana, anahesabu vidonge vyake. Wayahudi wamechorwa kama panya, Wajerumani kama paka. Mwaka 1992 ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Ni nzito, usimnunulie mtoto wa shule ya msingi eti kwa kuwa umeona panya kwenye jalada.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, pindua mpangilio wangu. Aanze na Persepolis ya Marjane Satrapi, msichana anayekulia Irani wakati wa mapinduzi ya 1979 na vita na Iraki. Iliandikwa kwa Kifaransa tangu mwanzo, lugha yake nyepesi, michoro ni nyeusi na nyeupe tu, kwa hiyo hata nakala iliyochakaa haijapoteza kitu.

Halafu kuna zile watakazokuuzia kama historia. Kivu ya Jean Van Hamme na Christophe Simon (2018) inatupeleka Bukavu, mashariki mwa Kongo, na daktari Mukwege, mtu wa kweli, yumo, lakini shujaa wake ni wa kubuni. Inunue kama riwaya. Madame Livingstone ya Barly Baruti na Christophe Cassiau-Haurie (2014) nayo ni hadithi iliyobuniwa juu ya mambo ya kweli, ila hiyo naipenda na sifichi: Vita vya Kwanza vya Dunia, Ziwa Tanganyika, rubani Mbelgiji akiwinda meli ya Wajerumani. Meli ile ilikuwepo kweli. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, ikaja kuibuliwa, na ndiyo hiyo hiyo meli ya Liemba. Mwenye ndugu Kalemie, mji wa kando ya ziwa hilo, anunue hiyo kwanza, orodha yangu aiache.

Wengi wetu tutanunua kilichokwisha kupita mikononi mwa watu. Kabla ya kulipa, kifungue katikati: gundi ikilia kama kijiti kikavu, kurasa zitaanza kuchomoka kabla hujafika mtaani kwako Katuba. Kisha nenda mwisho wa kitabu, penye ramani na picha. Hapo ndipo watoto hupitisha mkasi kwa ajili ya kazi za shule.