Rangi za klei za kununua kwanza (na kwa nini nyeupe itakutia aibu)

Jamani juzi nimelia mbele ya oveni. Nilikuwa na oda ya sendoff, seti 12 za shanga nyeupe na pinki za klei ya polima (ile ya plastiki inayochomwa kwenye oveni), nimeviringisha mpaka vidole vimekufa ganzi, nafungua nakuta nyeupe yote imekuwa chai ya maziwa. Mteja kaziangalia weee, akaniuliza, "Da, hizi ulishawahi kuzivaa?"

Sasa mambo ya rangi gani inaendana na gani hayo unayajua, una khanga ndani, angalia humo. Mi nakwambia uangalie nyeupe inatokaje ikishachomwa, maana rangi ya kwenye pakiti siyo utakayoivaa, na nyeupe ndo unachanganyia pinki, krimu, samawati ya mpauko, kwa hiyo ikiungua yenyewe imeungua na ukoo mzima.

Kwenye chapa za klei, namba moja ni Fimo na wala sijifichi. Inachomwa nyuzi 110 za Selsiasi nusu saa, Premo inataka 130, na hizi oveni zetu za mezani unaweka 110 ndani kumbe kuna 140, hizo nyuzi 20 ndo pona yako. Chukua Fimo Professional nyeupe, nyekundu, njano, bluu na nyeusi basi, zingine changanya mwenyewe. Funika trei na foili. Alafu anza kuviringisha nyeupe, nyekundu iwe ya mwisho kabisa, ile inaganda kwenye mistari ya viganja hata ukinawa na sabuni, ukirudi kwenye nyeupe unakuta ina madoa kama mtu kajikata.

Namba mbili Premo, ya dhahabu na rangi nzito, moto ukizidi kidogo hakuna anayejua. Namba tatu Cernit, ikiiva inapendeza kama kaure, ila mikono ikipata joto inalegea, shanga inageuka chapati.

Maboksi ya rangi 50 ya bei chee wape watoto wachezee.

Ila wauzaji! Klei inaanza kuiva kwa joto, sasa mtu anaianika kibarazani jua la saa saba, kakipande ka gramu 57, bei haipungui hata mia, ukiuliza "mzigo wa jana huu dada". Kuna mmoja nikamwambia ngoja niibonyeze, akasema ukibonyeza umenunua. Nikabonyeza. Sasa hivi inakandamiza risiti zangu mezani zisipeperushwe na feni.