Vitz ya kwanza yenye kilomita 200,000: kipi bado kizima, kipi kimechoka

Toyota Vitz ya toleo la kwanza, iliyotoka mwaka 1999 na kuuzwa Ulaya kwa jina la Yaris, ni gari zuri kwa mwenye hela kidogo. Lakini si kila Vitz. Injini zake za petroli ni 1SZ-FE ya cc 1,000, 2NZ-FE ya cc 1,300 (baadaye pia 2SZ-FE) na 1NZ-FE ya cc 1,500. Zote zina silinda nne na zote hutumia cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, kwa hiyo hakuna mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila baada ya muda. Chukua ya cc 1,300. Ya 1,000 inamtosha mtu mmoja au wawili. Ipakie watu wanne na mizigo, ipandishe mlima, utaikanyaga mpaka chini na ule unafuu wa mafuta unaosifiwa hutauona.

Cheni haina tarehe ya kubadilishwa, ila maisha yake yako kwenye oili. Kinachoikaza husukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Oili ikikaa mno inakuwa tope, tope linaziba vijia, cheni inalegea na kuanza kugonga. Mlio huo husikika injini ikiwa baridi, upande wa mikanda ya nje. Sekunde moja au mbili kisha kimya, unaweza kuvumilia. Ukiendelea, cheni imerefuka, na kuibadilisha ni kazi ya kufungua mbele yote ya injini. Kwa hiyo weka kiganja kwenye boneti kabla ufunguo haujazungushwa. Ukikuta ya moto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi.

Ugonjwa mkubwa wa umri huu ni kula oili. Injini za 2NZ-FE na 1NZ-FE zinachukua kama lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo ikipungua lita moja, zaidi ya robo imeshaondoka, na taa ya oili bado haijawaka. Chomoa kijiti cha kupimia oili, futa, rudisha, chomoa tena. Kisha teremka mlima mrefu mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, na ukifika chini kanyaga huku mwenzako akiangalia ekzosi kutoka nyuma. Moshi wa bluu ukitoka mkupuo mmoja na kukata, zinashukiwa sili za valvu. Ukitoka muda wote unapokanyaga, ni ringi za pistoni. Sili bado ni mazungumzo ya bei. Ringi, achana nalo.

Jambo ambalo wengi hawalioni: Vitz nyingi za toleo hili hazina mshale wa joto, zina taa tu. Ile nyekundu ikiwaka, injini tayari imeiva, na aliyekuwa akiendesha huenda aliendelea kuendesha. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, uangalie maji. Mapovu yasiyokoma maana yake gasketi ya silinda hedi inavujisha. Maji ya rangi ya kutu yanakuambia kulanti ilisahaulika zamani. Doa kavu la waridi chini ya wota pampu ni jambo dogo. Pampu inabadilishwa na maisha yanaendelea.

Taa ya injini nayo ina ujanja wake. Weka ufunguo ON bila kuwasha: lazima iwake. Isipowaka, kuna mtu ameing'oa au ameiziba. Kosa P1349, namba inayosomwa kwa mashine ya kupimia, ni la mfumo wa VVT-i unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, na mara nyingi huja na injini kutetemeka gari likiwa limesimama. Kabla ya kununua valvu mpya ya oili ya mfumo huo, safisha kwanza kijichujio chake; kikiwa kimeziba kwa tope, valvu mpya haitasaidia chochote.

Gia boksi ya otomatiki ya gia nne ni imara ikipewa oili yake, Type T-IV, si yoyote iliyo karibu. Oili nyekundu ni njema. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua, sahani za ndani zimeanza kuisha. Mguu ukiwa kwenye breki, tia D: gari likikawia zaidi ya sekunde moja hivi kabla ya kushika, au likishika kwa kishindo, usilipe. Ukilinunua na oili ni chafu, mwaga inayotoka kwenye sampo, jaza kiasi kilekile, tembea kilomita mia kadhaa, urudie. Na usije ukahamia toleo la 2005 lenye CVT, gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ukidhani umepata afadhali. Kwa kilomita nyingi hivi, CVT isiyojulikana ilivyotunzwa ni bahati nasibu.

Mlio wa kokoto mbele kwenye mashimo madogo usikutishe. Kwa kawaida ni linki za stabilaiza au bushi za control arm, vitu vya bei nafuu na kazi ya saa chache. Tumia mlio huo kupunguza bei.

Namba ya kilomita kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma, lakini raba ya pedali ya breki hairudi. Ikiwa imelika upande mmoja mpaka chuma, na usukani unang'aa, kilomita 80,000 ni hadithi.

Usimalizie hela yote kwenye kununua. Wiki ya kwanza inataka oili na filta, kulanti, oili ya breki, filta ya hewa na plagi nne. Plagi za zamani zikitolewa, zipange kwa mpangilio wa silinda zake: iliyolowa oili nyeusi inakuonyesha ni silinda gani ya kuanza kufuatilia.